Mac, Windows, Linux au Chromebook? Jibu kwa mama wa Kirumba anayemnunulia kijana wake kompyuta

Mama yangu wa Kirumba, shikamoo, na pole kwa pilikapilika za soko la Mwaloni hapa Mwanza. Barua yako ina mambo mengi, nami nitayarudia kwa kifupi ili wasomaji wengine watufuate. Umeweka akiba ya shilingi laki tisa kutokana na biashara ya dagaa, na kijana wako amepata nafasi ya kusomea uhasibu pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Duka la kwanza limekuonyesha MacBook Air ya mwaka 2017 kwa laki nane na nusu, na muuzaji amekuhakikishia kwamba Mac haishiki virusi na hudumu miaka mingi. Duka la pili lina Lenovo ThinkPad T480 yenye Windows 11 kwa laki sita na nusu. Duka la tatu lina Chromebook kwa laki mbili na nusu. Mtoto wa dada yako naye anasema usitoe hata senti, kwa kuwa ile Dell ya mezani iliyoko sebuleni, yenye Windows 10, prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) ya Core i3 ya kizazi cha nne na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4, ikiwekewa Linux itafanya kazi zote. Unauliza ni mfumo upi ulio bora kati ya hiyo minne, na fedha yako uipeleke wapi.

Nunua ThinkPad, lakini baada ya kuikagua kwa namna nitakayoeleza. Mruhusu mtoto wa dada yako aweke Linux kwenye Dell, kwa sababu katika hilo yuko sahihi, ingawa amekosea anapodhani kwamba mashine hiyo itatosha masomo ya uhasibu. Mac ile na Chromebook ile ziache dukani. Sizikatai Mac wala Chromebook kwa ujumla wake. Nazikataa mashine hizo mbili ulizotajiwa, kwa sababu kila mfumo endeshi una siku yake ya kuachwa na mtengenezaji, na mtu anayenunua mtumba anapaswa kulipia miaka ambayo mashine bado itahudumiwa, wala si sifa iliyojipatia ilipokuwa mpya.

Mfumo endeshi ni programu inayosimama kati ya chuma na kazi: ndiyo inayoamuru diski, skrini, kibodi na mtandao, na ndiyo inayoamua programu zipi zinaweza kufanya kazi humo. Kila mwezi hugunduliwa matundu ambayo mwizi wa mtandaoni anaweza kupenya, na mtengenezaji hutoa sasisho la kuyaziba. Siku mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho hayo, mashine haizimiki wala haipunguzi mwendo, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, kwa sababu dukani itawaka vizuri na kupendeza macho. Baada ya muda, hata hivyo, kivinjari nacho huacha kusasishwa, tovuti huanza kukataa kufunguka, na matundu yanayojulikana na kila mhalifu hubaki wazi kwenye kompyuta ambayo kijana ataitumia kuingia katika akaunti ya benki na kufuatilia mkopo wake wa Bodi ya Mikopo (HESLB).

Kuhusu Windows, tarehe ni hizi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaofika 13 Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila mashine. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi isiyopungua GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na, kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane. Sharti hilo la mwisho ndilo linalozigawa kompyuta za mtumba zinazouzwa mjini kwetu katika makundi mawili yenye thamani tofauti kabisa, ilhali kwa macho mashine hizo zinafanana, na wauzaji wengi huzitaja zote kwa jina moja la Core i5.

Jifunze kusoma namba ya prosesa, mama, maana itakuokolea fedha zaidi ya mapatano ya bei. Namba hiyo huonekana kwenye sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za mashine. Ikisomeka i5-8250U au i5-8350U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, yaani kizazi cha nane. Ikisomeka i5-7300U, ni kizazi cha saba, na Windows 11 haiitambui rasmi. Kuanzia kizazi cha kumi tarakimu za mwanzo huwa mbili, kama i5-1135G7, ambayo ni ya kumi na moja. ThinkPad T480 ilitoka mwaka 2018 na kwa kawaida hubeba prosesa ya kizazi cha nane yenye viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa. Ndugu yake aliyetangulia, T470, alikuwa na kizazi cha sita au cha saba chenye viini viwili, na wote wawili hufanana kiasi kwamba mtu asiye na uzoefu hawezi kuwatofautisha mezani. Kwa hiyo usiridhike na kibandiko kilichobandikwa chini ya kibodi. Washa mashine, usome namba kwa macho yako.

Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokidhi masharti, na kweli huingia. Microsoft yenyewe imesema mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho, na katika matoleo makubwa ya kila mwaka huweza kukwama kabisa. Ukiambiwa kwamba mashine ya kizazi cha sita "ina Windows 11", ujue imevishwa vazi lisilo lake, na bei yake inapaswa kushuka.

Sasa kuna sababu ya pili ya kuipendelea ThinkPad, nayo inatoka mbali kidogo. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, iliijenga kwa vipande vya kununua kwa wengine: prosesa ya Intel na mfumo endeshi wa Microsoft. Kampuni nyingine, Compaq ikiwa miongoni mwa za mwanzo, ziliweza kutengeneza mashine zinazoendesha programu zile zile, na kuanzia hapo soko likawa la wengi: Dell, HP, Lenovo, Acer, Asus, wote wakiuza mashine zinazokubali Windows ile ile na, kwa kiasi kikubwa, RAM na diski zile zile. Apple, iliyotoa Macintosh mwaka 1984, ilishika njia ya kutengeneza chuma na mfumo yenyewe. Iliwahi kuruhusu kampuni nyingine kutengeneza mashine za mfumo wake kuanzia mwaka 1995, lakini Steve Jobs aliporudi mwaka 1997 mlango huo ulifungwa. Ni uamuzi wenye faida zake, nami nitazitaja. Kwa mtu wa Mwanza, hata hivyo, matokeo yake ni kwamba fundi wa kawaida wa Makoroboi au Igoma ana kioo, kibodi, betri na chaja za ThinkPad au HP, na anachokosa hukipata Dar es Salaam kwa siku chache, wakati kioo cha Mac kinaweza kugharimu karibu nusu ya thamani ya mashine. Wewe unayeishi na wavuvi unajua kwa nini wengi huchagua injini ya mtumbwi ambayo vipuri vyake vipo hadi Nansio, hata kama kuna nyingine yenye sifa kubwa zaidi. Hesabu ya kompyuta ni hiyo hiyo.

T480 ina jambo jingine linalonifanya niipende kwa mazingira yetu. Ina betri mbili: moja ndogo iliyo ndani na nyingine ya nje inayochomolewa, na mtumiaji anaweza kubadilisha ile ya nje bila kuzima kompyuta. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, mwanafunzi mwenye betri ya akiba anaendelea na kazi. Ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo kama imekuja na GB 8 unaweza kuongeza baadaye bila kutupa kitu, na inachajiwa kwa tundu la USB-C la kawaida. Ni nzito kuliko MacBook Air na kioo chake, hasa katika matoleo ya bei ya chini, hakina rangi za kuvutia. Kwa mwanafunzi wa uhasibu hilo halina uzito, ingawa kwa mpiga picha ningesema tofauti.

Ukifika dukani, usiende peke yako. Nenda na kijana mwenyewe, maana ndiye atakayeishi na mashine hiyo. Kwanza, iwashwe ikiwa haijachomekwa kwenye chaja, na muiache ikifanya kazi nusu saa mkiwa palepale. Windows ina amri ya kutoa ripoti ya betri, powercfg /batteryreport, ambayo huonyesha uwezo wa betri ulivyokuwa kiwandani na uwezo uliobaki. Betri iliyobaki na chini ya nusu ni sababu halali ya kupunguziwa bei. Pili, mashine nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni na mashirika huko Ulaya na Marekani, na baadhi yake huja zikiwa na neno la siri la msimamizi lililowekwa ndani ya bodi kuu ya kompyuta yenyewe. Zima, washa tena na ubonyeze F1 mara tu nembo inapotokea. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, irudishe rafuni, kwa sababu neno hilo haliondoki kwa kuweka Windows upya. Tatu, hakikisha Windows imeamilishwa kihalali. Tangu enzi za Windows 8 leseni ya mashine ya kiwandani hukaa ndani ya bodi, hivyo ThinkPad ya kweli ikiwekewa Windows ya daraja lake na kuunganishwa na mtandao kwa kawaida hujiamilisha yenyewe. Muuzaji akikuambia kwamba "ameikraki", mwambie aiweke upya kwa njia halali, kwa maana programu hizo za kuvunja leseni mara nyingi hukuomba uzime ulinzi wa virusi ndipo zifanye kazi, na hakuna mwizi anayeomba ufunguo kwa uwazi kuliko huyo.

Sipendi kuificha mipaka ya Windows. Ndiyo inayolengwa zaidi na virusi, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi zaidi za mezani na mpakato duniani, na mwanafunzi wetu atavipata mahali panapojulikana: kwenye flashi aliyoichomeka steshenari alipokwenda kuchapa kazi. Akirudi nyumbani atakuta mafaili yake yamegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, na akizibofya ndipo kirusi kinaingia. Ulinzi unaokuja ndani ya Windows, Microsoft Defender, ni wa bure na unatosha kwa mtu mwangalifu. Akizoea kutuma kazi yake ya kuchapwa kwa barua pepe badala ya kubeba flashi, tatizo hilo litapungua sana. Tena Windows hula bando. Masasisho yake ya kila mwezi ni makubwa, na kompyuta iliyounganishwa na simu kwa hotspoti inaweza kumaliza kifurushi cha wiki kwa usiku mmoja. Katika mipangilio ya Wi-Fi upo uchaguzi wa kuutambua mtandao huo kuwa wa kulipiwa kwa kipimo. Akiuwasha, masasisho mengi yatasubiri hadi atakapokuwa kwenye mtandao wa chuo.

Kilichonifanya niamue kwa upande wa Windows katika jambo lako ni uhasibu wenyewe. Ofisi nyingi zitakazomwajiri kijana huyu hutumia programu za hesabu kama Tally au QuickBooks ya kompyuta, na TallyPrime hutengenezwa kwa Windows peke yake. Ina hata hali ya kujifunzia isiyodai leseni, ambayo humruhusu mwanafunzi kuingiza miamala kwa tarehe chache tu za mwezi, na hiyo inatosha kabisa kwa mazoezi. Excel ya Mac ni programu nzuri, lakini inakosa Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi inayopatikana kwenye Windows, na Access, programu ya Microsoft ya hifadhidata, haipo kabisa kwenye Mac. Mwalimu akitoa zoezi linalotegemea vitu hivyo, mwenye Mac atahangaika kuazima mashine ya mwenzake.

Tuje kwenye Mac yenyewe, na nataka niitendee haki. Mfumo wake wa leo umetokana na Mac OS X ya mwaka 2001, uliojengwa juu ya misingi ya Unix, mfumo endeshi wa zamani zaidi. Ni imara, umepangwa kwa uangalifu, na mashine zake hutunza thamani kuliko nyingi. Si kweli kwamba haishiki virusi. Vipo virusi vilivyoandikwa kwa ajili yake, ila ni vichache, na vile vya kwenye flashi zetu vilivyoandikwa kwa Windows havifanyi kazi humo. Mwezi Novemba 2020 Apple ilianza kuacha prosesa za Intel na kuweka chipu zake yenyewe, ikianza na M1, na hapo ikafanya jambo ambalo wapinzani wake walichukua miaka kulikaribia: MacBook Air ya M1 haina feni, haipigi kelele, na kwa vipimo vya Apple hufikia saa 15 za kutumia mtandao bila waya kwa chaji moja. Kama ungeniambia una fedha ya kutosha kununua M1 iliyo safi, na kijana anasomea uandishi wa habari au uhariri wa picha, ningekushauri uinunue bila kusita.

Uliyoonyeshwa si hiyo. MacBook Air ya 2017 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha tano yenye viini viwili, teknolojia ya miaka kadhaa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye mashine. Toleo la mwisho la mfumo linaloikubali ni macOS Monterey, lililotoka mwaka 2021. Apple haitangazi tarehe za mwisho kama Microsoft, lakini desturi yake ni kutoa masasisho ya usalama kwa matoleo matatu ya karibuni, na Monterey imekwisha kutoka kwenye orodha hiyo. Kwa maneno mengine, laki nane na nusu zingenunua mashine ambayo mtengenezaji wake ameshaiacha. Zaidi ya hapo, RAM yake imeunganishwa kwa lehemu kwenye bodi, kwa hiyo ikija na GB 8 itakufa na GB 8. Hata Mac mpya kidogo za Intel zinaelekea huko: macOS Tahoe ya mwaka 2025 imetangazwa kuwa ya mwisho kuzikubali baadhi yake, na matoleo yanayofuata ni ya chipu za Apple tu. Mtu yeyote anayeuziwa Mac ya Intel leo kwa bei kubwa anapaswa kujua hilo kabla hajatoa fedha.

Niongeze tahadhari moja kwa wasomaji watakaotafuta Mac za mtumba zenye chipu za Apple. Mashine hizo zina kufuli linalofungamana na akaunti ya mwenye mali wa kwanza, na pia zinaweza kuwa bado zimesajiliwa kwenye usimamizi wa shirika fulani. Dai muuzaji aifute kabisa mbele yako, kisha uianzishe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti hadi ifike kwenye skrini ya kazi. Ikikwama njiani ikidai akaunti ya mtu mwingine, uwezekano wa kuwa imeibwa ni mkubwa, na hakuna fundi wa Mwanza atakayeifungua kihalali.

Chromebook sitaikalia sana. Mfumo wake, ChromeOS, ulianza kuuzwa mwaka 2011, na umejengwa kuzunguka kivinjari: ni mwepesi, salama, hujisasisha kimya kimya, na kwa mtoto wa shule anayesoma na kuandika kwenye mtandao unaopatikana muda wote ni chombo kizuri. Google huahidi miaka 10 ya masasisho kwa mashine za kuanzia mwaka 2021, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipotoka kiwandani, wala si tangu ulipoinunua wewe. Nyingi za mtumba zinazoletwa kwa bei ya laki mbili na nusu ni za shule za Marekani zilizokaribia au kuvuka tarehe hiyo, ambayo unaweza kuisoma ndani ya mipangilio ya mashine yenyewe. Huwezi kuweka Tally humo, na bando likiisha kazi nyingi husimama.

Linux ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifurahisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokiandika mwenyewe, na kiini hicho kikaunganishwa na programu za GNU, mradi wa programu huria ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983. Ni mfumo usiouzwa, ambao yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Simu yako ya Android inaendeshwa na kiini hicho hicho. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake yanayojulikana sana, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mwaka huo huo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Uhuru wa kubadili ndio uliowezesha kazi hiyo ifanywe na watu wetu bila kungoja ruhusa ya kampuni yoyote, na ninasikitika kwamba vijana wengi wa leo hawajui kuwa iliwahi kufanyika hapa nchini.

Dell yako haiwezi kupokea Windows 11 kihalali, na Windows 10 iliyomo imekwisha muda wake wa kawaida. Kwa mashine ya namna hiyo Linux ni wokovu. Ningemshauri mtoto wa dada yako aweke Linux Mint ya mfululizo wa 22, ambayo itapata masasisho hadi mwaka 2029, inatosheka na RAM ya GB 4, na ina mpangilio unaofanana na Windows kiasi kwamba hutapotea. Kabla ya kuiweka, aiwashe kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ili ninyi nyote mwone kama sauti, mtandao na printa vinaitika. LibreOffice iliyomo itakutosha kuandika daftari la dagaa: magunia yaliyoingia, bei ya siku, nauli ya gari, wadaiwa. Hufungua na kuhifadhi mafaili ya Excel, ingawa yale yenye makro nzito (amri zinazojiendesha ndani ya faili) huweza kuharibika, na hii ni sababu nyingine kwa nini Dell peke yake haitamfaa kijana. Virusi vya flashi ya steshenari vilivyoandikwa kwa Windows navyo havitafanya kazi humo. Kasoro ya kweli ya Linux kwa familia ni kwamba likitokea tatizo lisilo la kawaida, mafundi wengi wa mjini watakushauri urudi Windows kwa sababu ndiyo wanayoijua. Kwa bahati njema wewe una fundi ndani ya ukoo.

Kuhusu umeme na hali ya hewa yetu, ambayo wauzaji hawaitaji. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Afrika yenye radi nyingi zaidi: usiku hewa ya nchi kavu iliyopoa hutiririka kutoka pande zote kuelekea kwenye maji yenye joto, hupanda na kuzaa mawingu mazito. Kompyuta mpakato ikichomolewa ukutani inaendelea kufanya kazi kwa betri, kwa hiyo ngurumo zikianza ichomoe. Ile ya mezani haina betri. Umeme ukikatika ghafla faili lililo wazi hupotea na diski huweza kuharibika, hivyo itafutie UPS (kifaa chenye betri ya akiba), hata ndogo, itakayokupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mawingu, hufuata mwanga wa dirishani usiku na kuvutwa na feni za kompyuta; kwa mtu anayeishi karibu na maji kama wewe, mashine yenye feni ifunguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na ThinkPad na Dell zote hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.

Ukishalipa laki sita na nusu utabaki na laki mbili na nusu. Anza na Dell: inunulie diski ya SSD (isiyozunguka) ya aina ya SATA ya GB 240 au zaidi kuchukua nafasi ya ile ya kuzunguka, kwa sababu hakuna badiliko jingine litakaloipa mashine ya zamani wepesi mkubwa hivyo kwa fedha kidogo, na kama zikibaki, ongeza GB 4 za RAM ya DDR3 ya kompyuta ya mezani, si ile fupi ya mpakato. Kisha nunua diski ya nje, na muifomati kwa mtindo wa exFAT ili ThinkPad yenye Windows na Dell yenye Linux zote ziweze kuisoma na kuiandikia. Kila Jumapili kijana anakili kazi zake za chuo humo, nawe unanakili daftari lako, halafu diski hiyo ikae kabatini, mbali na kompyuta zote mbili, isibaki imechomekwa.